Kabla Mwende Darasa la Chokoleti na Bebi Wako

Wasee, deti ya sinema imepitwa. Siku hizi wapenzi wanavaa aproni zinazofanana, wanalipia darasa la kutengeneza chokoleti, wanapakana puani, picha zinapostiwa. Mimi sina noma na hiyo. Lakini mkiambiwa mtaitengeneza "kuanzia mwanzo", hapo ndo tuongee.

Mara nyingi mnafanya hatua ya mwisho tu. Mnayeyusha chokoleti iliyokuwa tayari, mnaipoza, mnaipasha tena hadi nyuzi 31 hivi ndio ing'ae na ikatike kwa mlio, halafu mnaimwaga kwa moldi za moyo. Iko fiti. Lakini mwanzo uko mbali sana.

Mwanzo ni Mexico na Amerika ya Kati. Wamaya na Waazteki walikunywa kakao ikiwa chungu, wakati mwingine na pilipili ndani. Kwa Waazteki, mbegu zake zilikuwa pesa sokoni. Wanawake walizisaga kwa jiwe, wamepiga magoti. Hiyo ndo "kazi ya mikono" ya ukweli. Wahispania waliteka mji mkuu wa Waazteki 1521, kakao ikafika Ulaya, na baadaye ikatiwa sukari iliyolimwa na watumwa Waafrika kule Karibiani.

Kisha mashine zikaja. 1828, Mholanzi van Houten alipata hataza ya kukamua mafuta ya kakao. 1847, kampuni ya Fry ya Bristol ikatoa chokoleti ya kutafuna. Miaka ya 1860, Richard Cadbury akaanza kuuza boksi za umbo la moyo. Kwa hivyo ile story ati chokoleti ni mapenzi, kuna mtu aliiuza.

Na nani alikuwa anavuna? Mwanzoni mwa karne ya 20, kakao nyingi ya Cadbury ilitoka São Tomé, koloni la Ureno. Watu walitolewa Angola wakiitwa wafanyakazi wa mkataba, lakini hali yao ilikuwa utumwa. Kampuni ilisikia habari hizo 1901. Iliacha kununua 1909. Miaka minane!

Lakini Waafrika hawakukaa tu kungoja huruma. 1937, kampuni za Ulaya ziliungana kudhibiti bei ya kakao ya Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Wakulima waligoma kuuza hadi 1938, wakasusia na bidhaa za Ulaya. Serikali ya London ikabidi itume tume ya uchunguzi. Hii mbona hatukufunzwa shuleni?

Leo zaidi ya nusu ya kakao ya dunia inatoka Côte d'Ivoire na Ghana. 2001, kampuni kubwa ziliahidi kumaliza ajira mbaya zaidi za watoto mashambani ifikapo 2005. Tarehe ikasukumwa, ikasukumwa tena, na watoto bado wako huko na panga mkononi.

Sisemi msiende. Endeni, cheka, pendaneni. Ila muulizeni mwalimu swali moja: hii kakao imetoka wapi, na mkulima alilipwa ngapi? Majirani zetu wanailima, Kyela kule Tanzania na Bundibugyo kule Uganda. Akikosa jibu, tafuteni darasa linaloanza na mbegu, mzikaange na kuzisaga wenyewe. Mikono itachoka, na hapo ndo mtajua mnalipia nini.