Gari Lililouzwa kwa Kilo

Baba alipofariki, niliuza Peugeot yake kuukuu iliyokuwa imelala uani kwetu Kibiti. Mnunuzi wa vyuma chakavu aliipima kwa kilo. Nilipokea fedha, nikafurahi kwamba ua umepata nafasi.

Baadaye nilisoma habari za mashindano ya magari ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1964 kiwanda cha Volvo kilileta magari yake, hayakufua dafu. Moja, aina ya PV544, likabaki huku likauzwa kwa bei ya mtumba. Joginder Singh, fundi mzaliwa wa Kericho, akalinunua na kulitengeneza. Mwaka 1965, yeye na nduguye Jaswant wakaibuka washindi kwa gari lile lile.

Leo magari ya kiwanda yenye historia ya namna hiyo hugombewa na matajiri kwa fedha nyingi; hata mikwaruzo yake ni thamani.

La baba halikushinda kombe. Lilibeba wagonjwa wa Rufiji, masika na kiangazi. Hilo mizani haikulipima. Wahenga walinionya: usitupe mbachao kwa msala upitao. Nami nilitupa.