Jino la Mtoto na Kanda ya Muziki: Sanamu na Ujumbe wa Siri katika Historia ya Upare

Katika semina nyingi za vijana limekuwa likitolewa fundisho kwamba ndani ya muziki, filamu na hata katuni za watoto mna ujumbe uliofichwa na Ibilisi, ambao humwingia msikilizaji pasipo yeye kujua na kumfanya mtumwa wa sanamu za kisasa. Wanaofundisha hivyo wana nia njema. Wanawapenda vijana na wanaiona hatari. Hata hivyo, Kanisa katika milima ya Upare limewahi kukutana na watu waliosoma ujumbe wa siri katika kila jambo, na yafaa mtumishi wa Neno akumbuke yaliyotokea.

Misioni ya Leipzig ilianza kazi Shigatini, Upare ya Kaskazini, mwaka 1900. Upande wa kusini Waadventista wa Sabato walifika mwaka 1903, na mwaka 1908 Jakob Dannholz alifungua kituo cha Kilutheri huko Mbaga, katika milima iliyo juu ya mji wa Same wa leo. Kati ya misioni hizi mbili palikuwa na mashindano, wala hatuna haja ya kuyaficha. Kwa sababu hiyo inashangaza kwamba Dannholz katika kitabu chake cha mwaka 1916 juu ya Wapare, na Mwadventista Ernst Kotz katika chake cha mwaka 1922, walichagua vichwa vinavyokaribiana mno. Cha kwanza kinataja vifungo vya imani ya mizimu, cha pili vifungo vya hofu. Watu wawili ambao hawakupatana juu ya siku ya ibada walipatana juu ya ugonjwa waliouona.

Ni kweli kwamba waliona kwa macho ya kigeni. Profesa Isaria Kimambo, katika historia yake ya kisiasa ya Wapare iliyochapwa mwaka 1969, ameonyesha kuwa jando la mshitu, ambalo wamisionari walilihesabu kuwa giza tupu, lilikuwa pia chombo cha utawala huko Ugweno na shule ya kumfanya kijana awe mtu wa nchi yake. Siri ya mshitu ilikuwa na kazi yake. Lakini juu ya hofu wamisionari hawakukosea. Mafuvu ya wahenga yalitunzwa mahali patakatifu, na ugonjwa ukiingia nyumbani mganga alitafuta ni mhenga gani aliyekasirika. Mtoto aliyetangulia kuota meno ya juu alihesabiwa kuwa mkosi kwa ukoo, naye aliuawa.

Tutafakari jambo hili la jino. Hakuna mzazi aliyemchukia mwanawe. Jino lilisomwa. Lilichukuliwa kuwa barua iliyoandikwa na nguvu zisizoonekana, na waliojua kuisoma walisema imeandikwa kifo. Injili ilipofika Mbaga, mojawapo ya habari njema zake kwa akina mama ilikuwa kwamba jino la mtoto ni jino tu.

Wakati huohuo reli ya Usambara, iliyofika Buiko mwaka 1909 na Moshi mwaka 1911, ilipita chini ya milima hii na kuwaunganisha watu wake na pwani. Kutoka pwani ilikuwa imekwisha kuenea ngoma ya beni, yenye tarumbeta, gwaride na vyeo vya kijeshi, na vyama vyake mashuhuri vya Marini na Arinoti. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza maofisa wa Kiingereza waliishuku, wakidhani kwamba nyuma ya magwaride yale pana njama ya siri. Wamisionari nao waliipinga kwa sababu zao. Lakini tarumbeta yenyewe Walutheri walikuwa nayo kutoka Ujerumani, na hata leo vikundi vya tarumbeta husindikiza ibada na mazishi katika sharika zetu za kaskazini. Hakuna aliyedai kwamba shaba ile ina pepo kwa kuwa ndugu yake ilipigwa katika beni.

Fundisho la ujumbe uliofichwa kama tunavyolisikia siku hizi limetoka mbali, nalo lina historia yake. Mwaka 1957 mfanyabiashara wa Marekani, James Vicary, alidai kwamba maneno yaliyomulikwa kwa nukta ya sekunde katika sinema yaliwafanya watazamaji wanunue soda na bisi kwa wingi. Mwaka 1962 alikiri kwamba jaribio lake halikuwa na maana. Katika miaka ya 1980 wahubiri wa huko walifundisha kwamba sahani za muziki zikizungushwa kinyumenyume hutoa maneno ya kumsifu Shetani. Mwaka 1985 wanasaikolojia Vokey na Read wa Kanada walipima jambo hili, wakaona kwamba wasikilizaji hawashiki maana ya usemi uliogeuzwa. Wanasikia tu kile walichoambiwa watakisikia. Mwaka 1990 hakimu wa Reno, jimbo la Nevada, aliitupa kesi ya wazazi waliodai kwamba kundi la Judas Priest liliwaua watoto wao kwa maneno yaliyofichwa katika wimbo. Kukataliwa huko hakukuzuia kanda na vijitabu kuvuka bahari.

Televisheni ilipoanza Tanzania Bara mwaka 1994, na baadaye filamu za nyumbani zikapata nguvu, fundisho hilo lilipata shamba jipya. Msanii aliyetajirika haraka aliulizwa alikopatia. Steven Kanumba alipofariki tarehe 7 Aprili 2012, akiwa bado kijana, mitaani zilienea habari za Freemason na kafara. Mahakama Kuu ilitoa hukumu yake Novemba 2017: kuua bila kukusudia, katika ugomvi wa chumbani. Na mtu aliyejulikana waziwazi kuwa kiongozi wa Freemason nchini, Sir Andy Chande, aliandika habari za maisha yake katika kitabu cha mwaka 2005 kilichouzwa madukani.

Yuko atakayejibu kwamba Mtume Paulo hakuwacheza mashetani. Ndivyo. Katika 1 Wakorintho 10 anaonya vikali juu ya kushiriki meza yao. Lakini katika sura hiyohiyo anawaruhusu waamini kula nyama ya sokoni bila kuichunguza imetoka wapi, na anawazuia pale tu mtu anaposema wazi kwamba imetolewa sadaka. Mtume hakuanzisha huduma ya kupeleleza mabucha.

Luther naye, katika ufafanuzi wa Amri ya Kwanza katika Katekisimo Kubwa, anaanza na Mamona, sanamu iliyo ya kawaida kuliko zote duniani, kisha elimu, akili, cheo na ukoo. Wale wanaofanya mapatano na Ibilisi ili wapate fedha anawataja baadaye, kwa maneno machache, na kuwaweka katika fungu moja na wengine wote wanaotafuta mema mahali pasipo Mungu. Nadhani mpangilio huo si wa bahati.

Mhubiri anayewafundisha vijana wa Same kuutafuta ujumbe wa siri katika santuri anawaacha peke yao mbele ya ujumbe usiofichwa. Nyimbo nyingi zinazopigwa katika mabasi husema kwa sauti kuu, bila kugeuzwa, kwamba mtu ni gari lake. Matangazo ya kubeti, ambayo siku hizi yameshika redio na simu, hutaja kiasi cha fedha kwa tarakimu kubwa kuliko jina la mchezo. Kijana anayeweka akiba ya mama yake katika matokeo ya mpira wa Uingereza hakuingiliwa na neno lolote lililofichwa. Ameyasoma yote, na ameyaelewa.