Tabia Haina Dawa? Historia ya Hulka katika Michezo ya Kuiga Maisha

Leo naweka kando mambo ya hifadhidata na seva, niongee kuhusu michezo ya kompyuta. Tena michezo ya aina moja tu: ile ya kuiga maisha, ambayo hupigi mtu risasi wala hushindani mbio za magari, bali unatazama watu wakila, wakilala, wakigombana na kupendana. Swali langu ni la mwanaprogramu: mhusika wa mchezo anajuaje kwamba yeye ni mvivu?

Kiswahili kinatupa pa kuanzia. Neno "tabia" linabeba mizigo miwili. Tukisema "yule ana tabia ya upole" tunataja kitu kilicho ndani ya mtu. Tukimwambia mtoto "acha tabia hiyo" tunataja kitendo anachokifanya mbele yetu. Hatuoni tatizo, kwa sababu akilini mwetu hayo mawili ni kitu kimoja. Kompyuta haina bahati hiyo. Cha ndani (nitakiita hulka) ni namba au jina lililowekwa kwenye kumbukumbu. Cha nje (nitakiita mwenendo) ni hatua zinazoonekana kwenye skrini. Lazima mtu aketi chini aandike daraja la kuunganisha viwili hivyo, na historia ya michezo hii, kwa maoni yangu, ni historia ya daraja hilo.

Mtu ndani ya diski

Mwaka 1985 kampuni ya Activision ilitoa mchezo ulioitwa Little Computer People. Wazo lilikuwa la Rich Gold, na David Crane ndiye aliyelikamilisha. Kwenye skrini ulionyeshwa nyumba iliyokatwa ubavu, na ndani yake mtu mmoja na mbwa wake. Kwenye diski za Commodore 64, kila nakala ilikuwa na namba yake, na kutokana na namba hiyo programu iliunda mtu wa pekee: jina lake, sura yake na hulka yake. Wa kwako hakuwa wa jirani yako. Kwa kompyuta yenye kilobaiti 64 za kumbukumbu, hilo si jambo dogo. Lakini mchezaji hakuwa na usemi wowote kuhusu hulka hiyo. Alipewa mtu kama tunavyopewa majirani.

Vitu vinavyoita kama makanga

Mwezi Oktoba 1991 moto mkubwa uliteketeza vilima vya Oakland, California, na nyumba ya Will Wright, aliyebuni SimCity, ikaungua. Alipoanza kununua vitu upya, akawa anajiuliza ni vipi mtu anavihitaji kweli na kwa nini. Mchezo aliokuwa akiuwazia ulikuwa wa usanifu wa nyumba. Watu walitiwa ndani ili waseme kama nyumba inafaa. Polepole watu wakaimeza nyumba, na Februari 2000 The Sims ukatoka. Kufikia Machi 2002 ulikuwa umeuza zaidi ya nakala milioni 6 na kuupita Myst, uliokuwa ukishikilia rekodi ya mauzo kwenye kompyuta.

Sasa tuingie jikoni. Kila mhusika ana mahitaji 8: njaa, starehe, usafi wa mwili, haja, nguvu, burudani, watu wa kuongea nao, na hali ya chumba. Mahitaji hayo yanashuka muda wote. Ungedhani mhusika ana ubongo mkubwa unaojua kwamba njaa inatibiwa na friji. Hana. Friji ndiyo inayojua! Kila kitu ndani ya nyumba kinatangaza kinachotoa. Friji inaita "chakula, chakula", kochi linaita "starehe", runinga inaita "burudani". Fikiria stendi ya matatu: makanga wote wanapaza sauti kwa pamoja, na wewe abiria unamfuata anayetaja unakokwenda, hasa akiwa karibu. Programu inahesabu uzito wa kila wito kulingana na mahitaji na umbali, kisha inachagua kwa bahati nasibu kati ya ile iliyo juu kabisa, ili mhusika asionekane kama roboti.

Hulka inaingia wapi? Mchezaji alipewa pointi 25 za kugawa katika mambo 5: unadhifu, uchangamfu kwa watu, wepesi wa mwili, kupenda mzaha, na wema. Kila jambo lilienda hadi 10. Namba hizi hazikumwamuru mhusika afanye lolote. Zilibadilisha jinsi alivyosikia miito. Sahani chafu ikikaa mezani inaita "nioshe". Mwenye unadhifu wa 10 anaisikia kama king'ora, mwenye 0 anapita kana kwamba haipo. Kwa hiyo katika mchezo ule hulka ilikuwa sikio. Sijaona wazo zuri kuliko hilo katika programu za michezo za miaka ile, kwa sababu ukinunua kitu kipya chenye wito wake, hulka za zamani zinakifanyia kazi bila kuandika upya msimbo wa mtu.

Wajapani wakapita njia nyingine. Mwaka 2001 Nintendo walitoa mchezo ambao huku nje ulikuja kujulikana kama Animal Crossing. Kijijini humo wanakaa wanyama, na kila mmoja ni wa kundi moja kati ya 6: mvivu, mpenda michezo, mnuna, mpole, mchangamfu, na mwenye maringo. (Mwaka 2012 yakafika 8.) Hapa hulka inaishi zaidi mdomoni. Kundi la mnyama ndilo linaloamua anasema nini na analala saa ngapi. Udhaifu wake unauona ukikaa kijijini kwa muda: wanyama wawili wa kundi moja wanaweza kukuambia maneno yale yale.

Kutoka namba hadi jina

The Sims 2, uliotoka Septemba 2004, ulibaki na pointi 25 na ukaongeza matamanio, hofu na urithi, hivi kwamba mtoto huchukua hulka kwa wazazi wake kama anavyochukua pua. Lakini tatizo la namba likabaki. Mwenye wema wa 4 na mwenye wema wa 6 wanatofautianaje? Kwenye kumbukumbu tofauti ipo, kwenye skrini huioni. Na hulka isiyoonekana, kwa mchezaji, haipo.

Ndipo Juni 2009 The Sims 3 ukatupa namba zote na kuweka majina. Mtu mzima alichaguliwa hulka 5 kati ya zaidi ya 60: mlafi wa vitabu, mpweke, mwenye hasira za haraka, mwizi asiyejizuia, anayeogopa maji na kadhalika. Aliyeongoza kazi ya akili ya wahusika ni Richard Evans, ambaye hapo awali alifanya kazi hiyo hiyo katika Black & White wa mwaka 2001. Kila jina lilikuwa furushi la kanuni. Halikubadilisha sikio peke yake, lilimpa mhusika vitendo ambavyo wengine hawana. Mwizi aliweza kuiba kitu nyumbani kwa mwenyeji wake. Tena hulka ya mgeni hukuijua kwa kumtazama. Ilibidi mhusika wako aongee naye mpaka aigundue, kama ilivyo kwetu sote.

Mwaka huo huo Robin Burkinshaw, mwanafunzi wa Uingereza, aliandika hadithi ya Alice and Kev. Alitengeneza baba mwenye hasira asiyependa watoto na binti yake mwenye moyo mwema, akawaacha bila nyumba, walale kwenye mabenchi ya bustani, huku yeye akijitahidi asiwaingilie sana. Siku moja Alice, aliyekuwa hoi kwa uchovu na njaa, alipata mshahara. Mara mchezo ukaonyesha ombi lake: anataka kuchangia pesa kwa wenye shida. Burkinshaw akalitimiza, na Alice akabaki mikono mitupu. Hakuna mwanaprogramu aliyeandika tukio hilo. Kanuni ya moyo mwema ilikutana na hali ya ufukara, na wasomaji wakaona mtu.

Daraja la kurudi

Wahenga wetu wana misemo miwili inayovutana. Mmoja unasema tabia haina dawa. Mwingine unasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kwa miaka mingi michezo hii ilishika zaidi ule wa kwanza: hulka inatoa mwenendo, basi. Malezi yalikuwa na nafasi ndogo. Katika The Sims 3, mtoto akikua vizuri ulichagua wewe hulka yake mpya, akikua vibaya mchezo ulimchagulia.

The Sims 4 ulitoka Septemba 2014 ukiwa na hulka 3 tu kwa mtu mzima, na hisia za papo kwa papo zikachukua nafasi kubwa. Wengi walinung'unika. Lakini Mei 2017 kikaja kifurushi cha Parenthood, ambamo mtoto hupimwa kwa mambo 5, kama vile adabu, uwajibikaji na huruma, na anayoyafanya kila siku yanampa hulka atakapokuwa kijana. Kisha Machi 2023, Growing Together ikaruhusu mhusika apate hulka mpya au abadilishe ya zamani kutokana na anayoyatenda. Sasa daraja lina njia mbili.

Kwa nini nayasema haya? Kwa sababu sisi wenyewe tunaandika madaraja ya namna hii, na si ya michezo. Programu za mikopo ya simu hapa Kenya husoma mwenendo wa mtu, kisha zinampa alama inayodai kueleza hulka yake: huyu mwaminifu, huyu hapana. Huo ni mwelekeo mmoja. Je, tumeandika pia njia ya mtu huyo kubadilika na mashine ikamwona amebadilika? Watengenezaji wa mchezo wa wanasesere ilibidi wajiulize swali hilo, wakalijibu baada ya miaka 20 na ushei. Mwanaprogramu mwenzangu, ukiwa na jedwali lenye safu inayoitwa "aina ya mteja", angalia leo ni nini kinachoweza kuibadilisha. Kama hakuna, basi wewe umeshaamua kwamba tabia haina dawa.

Kwaherini hadi wakati mwingine.