Aina za data katika lugha ya C
Katika C, lugha iliyobuniwa na Dennis Ritchie mwanzoni mwa miaka ya 1970, int hubeba namba kamili, float na double desimali, char herufi. Kuchagua aina si urasimu. Tuseme programu ya mizani huko Mubi, Walikale, imetangaza uzito wa kasiteriti, madini ya bati, kuwa int: gunia la kilo 62.5 huwekwa 62, na nusu kilo ya mchimbaji imekwenda. Huenda ikajibiwa kwamba kompaila za leo huonya alama ya printf, amri ya kuchapisha, isipolingana na kigeu, yaani %d kwa int na %f kwa double. Kweli, lakini hapa %d inalingana kabisa. 62 huchapishwa safi, bila lalamiko lolote.