Kurudisha Madini Menoni

Mwenye jino bovu Mwanza, akimwendea daktari wa kinywa na meno, hutarajia moja kati ya mawili: kung'oa au kuziba. La tatu, kurudisha madini, bado ni geni masikioni, ingawa mate ya kila mtu huifanya kazi hiyo kila siku bila malipo.

Enameli, lile gamba gumu la juu ya jino, ni madini kwa takriban asilimia 96 ya uzito wake, hasa fuwele za kalsiamu na fosfeti ziitwazo haidroksiapatiti. Mtu akinywa soda pale Mwaloni, Kirumba, akaisindikiza na andazi, bakteria wa utando wa meno huigeuza sukari kuwa asidi. pH ikishuka chini ya 5.5 hivi, fuwele huanza kuyeyuka. Mate huizimua asidi na kurudisha kilichopotea. Yakizidiwa, hutokea doa jeupe lililopauka kama chokaa. Hapo bado jino linaokoka. Shimo likishatoboka, enameli haioti tena, kwa sababu seli zilizoiunda zilikwisha kufa jino lilipochomoza.

Ndiyo maana wataalamu wanasaka vifaa vya kuiga maumbile. Kinachoigwa hapa si weupe wa jino, bali namna mwili unavyolijenga: protini iitwayo amelojenini huzipanga fuwele jino linapoumbwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, walibuni peptidi ya P11-4, ambayo hujisuka yenyewe ndani ya doa na kuvuta kalsiamu. Huko Melbourne, Australia, mtafiti Eric Reynolds na wenzake waliitumia protini ya maziwa kubeba kalsiamu na fosfeti hadi menoni.

Tanzania nayo ina lake. Mbinu ya ART ilianzia hapa katikati ya miaka ya 1980: kukwangua uozo kwa vifaa vya mkono, bila umeme, kisha kuziba. Baadaye saruji ya ionoma ya kioo ndiyo iliyozoeleka kwa kazi hiyo. Hushikamana na jino kikemia na kutoa floraidi polepole, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Haiigi maumbile kikamilifu, lakini zahanati ya Ukerewe itafaidika nayo mapema kuliko peptidi yoyote.

Ila meno ya kahawia ya baadhi ya watu wa Kanda ya Ziwa ni jambo jingine. Hayo aghalabu hutokana na floraidi iliyozidi utotoni, katika maji ya visima au magadi ya kulainishia maharage. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani cha floraidi katika maji ya kunywa ni miligramu 1.5 kwa lita.

Kwa msomaji: piga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floraidi, tema povu bila kusukutua sana, na kwa mtoto wa chini ya miaka 3 weka dawa kiasi cha punje ya mchele. Ukiona doa jeupe, nenda kwa daktari kabla halijawa shimo.