Jina, Kipande na Namba: Historia ya Uandishi wa Majina Korogwe na Handeni

Ikisiri

Insha hii inachunguza namna majina ya watu wa Korogwe na Handeni yalivyoandikwa tangu karne ya 19 hadi zama za huduma za serikali mtandaoni. Hoja yake ni kwamba tofauti kati ya jina rasmi na jina analoitwa mtu ni ya kale kuliko kompyuta. Kilichobadilika ni kuondoka kwa msomaji aliyekuwa akiisuluhisha.

Jina kabla ya rejesta

Miongoni mwa Wasambaa na Wazigua, jina lilifuata uhusiano. Mtu aliitwa hivi na wazazi, vile na watani, na akishapata mtoto aliitwa kwa jina la mwanawe. Majina mengi ya eneo hili huanza na She- au Se-, kiambishi kinachohusishwa na neno lenye maana ya baba. Cheo nacho kiliweza kuwa jina: mtawala wa Vugha aliitwa Simba Mwene. Masimulizi ya watawala hao yaliandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi katika Habari za Wakilindi.

Wageni waliofika walinasa walichosikia. Krapf, aliyezuru Usambara mwaka 1848 na 1852, aliandika jina la mfalme Kimweri ye Nyumbai kama Kmeri. Burton, aliyefika mwaka 1857, akaandika Kimwere. Semboja wa Mazinde, mwana wa Kimweri, anaonekana katika maandishi ya Wajerumani kama Sembodja. Hata hivyo, wanahistoria hawakuhesabu watu wawili pale palipokuwa na tahajia mbili. Waliusoma ukoo, mahali na matendo, wakamtambua mtu.

Kipande na manamba

Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, na mashamba ya mkonge yakaenea kandokando yake. Mfanyakazi alipewa kipande chenye nafasi za siku 30 za kazi, na mshahara ulitolewa siku hizo zilipotimia. Wale walioletwa kwa mkataba kutoka mbali waliitwa manamba, neno lililotokana na namba walizopewa. Lugha yenyewe imehifadhi ushahidi huo: kwa mwenye shamba, namba ilitosha kumtambulisha mtu, na jina aliloitwa kwao likabaki kambini, vinywani mwa wenzake.

Kwa upande wa serikali, sheria ya usajili wa vizazi na vifo ilitungwa mwaka 1920, lakini kwa muda mrefu haikuwalazimisha Waafrika wengi kujiandikisha. Hivyo, kwa wazee wengi jina la kwanza kuandikwa halikutoka katika cheti cha kuzaliwa. Lilitoka katika stakabadhi ya kodi, daftari la ubatizo, chuo cha Kurani au shule, na kila mwandishi alikuwa na sikio lake. Usanifishaji wa Kiswahili uliosimamiwa na kamati iliyoundwa mwaka 1930 uliweka tahajia moja ya Kiswahili. Haukukusudiwa kutatua tahajia za Kisambaa na Kizigua. Ndiyo maana Vugha huandikwa pia Vuga, na Mbegha huandikwa Mbega.

Waliorudi Handeni

Handeni inatoa mfano mzito zaidi. Katika karne ya 19, Wazigua wengi walichukuliwa utumwani hadi pwani ya Somalia. Baadhi yao walitoroka, wakaweka makazi katika bonde la mto Juba na kuitunza lugha yao. Huko walijulikana kwa jina Mushunguli, linalodhaniwa kuwa limetokana na Mzigula. Baada ya serikali ya Somalia kuanguka mwaka 1991, sehemu ya wajukuu wao walikimbilia Tanzania, wakapokewa Mkuyu na baadaye Chogo, wilayani Handeni. Katika nyaraka za kimataifa waliitwa Wabantu wa Somalia. Wenyewe walikuwa Wazigua waliorejea kwao. Wengi wao wamepewa uraia wa Tanzania. Mtu aliyezoea kujitaja kwa jina lake, la baba na la babu alikutana na fomu iliyotaka jina la ukoo, na jina la babu likageuka ukoo kwa uamuzi wa kisanduku.

Mfumo usio na msomaji

Tangu 1 Mei 2019, usajili wa laini za simu kwa alama za vidole umetegemea namba ya NIDA, yenye tarakimu 20. Mwombaji wa mkopo wa elimu ya juu naye huhakiki cheti chake cha kuzaliwa kwa RITA mtandaoni. Chukulia kijana wa Korogwe ambaye cheti chake cha shule kinasema Se- na cheti cha kuzaliwa kinasema She-. Karani wa zamani aliyemjua baba yake angetabasamu na kupiga muhuri. Programu inayolinganisha herufi humwona kuwa watu wawili. Herufi moja inaweza kumgharimu kijana huyo kiapo, nauli na muhula mzima.

Hitimisho

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mtu haki ya kuomba taarifa zake zisahihishwe. Haki hiyo ni ya thamani, lakini msamiati wake una mpaka. Kusahihisha kunachukulia kwamba kuna jina moja sahihi na mengine ni makosa. Historia iliyoelezwa hapa inaonyesha kwamba She- na Se-, jina la babu na jina la mwana, yote yamekuwa majina halali ya mtu mmoja. Manamba alipoteza jina kwa sababu namba ilichukua nafasi yake. Namba ya leo inaweza kufanya kinyume: kwa kuwa inatosha kumtambulisha mwenyewe, inaweza kuliachia jina uhuru, rejesta ikahifadhi jina rasmi pamoja na jina analoitwa mtu, bila kumlazimisha kuapa kwamba mojawapo ni kosa.