Maji ya betri: kwa nini betri nyingi za sola hufa mapema

Katika vijiji vingi vya Kenya na Uganda ambako nguzo za umeme hazijafika, taa za usiku hutegemea betri ya risasi na asidi iliyochajiwa mchana kwa paneli ya sola. Betri za aina hiyo hupatikana pia katika magari ya kupigia kambi. Nyingi hufa kabla ya wakati wake kwa kukosa maji.

Betri ya volti 12 ina vyumba 6, kila kimoja kikiwa na mabamba ya risasi yaliyozama katika asidi ya salfuri iliyochanganywa na maji. Chaji inapokaribia kujaa, umeme huyatenganisha maji kuwa haidrojeni na oksijeni, gesi zinazotokea kwenye vifuniko. Asidi hubaki. Kwa hiyo kinachoongezwa ni maji, kamwe si asidi, na mnunuzi hana budi kusoma maandishi ya chupa, maana wapo wanaoviita vyote viwili “maji ya betri”. Yafaayo ni maji yaliyotoneshwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke kisha kupozwa. Maji ya bomba au ya kisima yana chumvichumvi na pengine chuma, vitu vinavyodhuru mabamba.

Wengi hukosea wakati wa kujaza. Betri ikijazwa pomoni kabla ya kuchajiwa, kimiminika hupanda na asidi hufurika. Mabamba yakionekana wazi, yafunikwe kwanza kwa maji kidogo tu, betri ichajiwe hadi ijae, ndipo kiwango kifikishwe milimita 3 hivi chini ya ncha ya shingo ya tundu. Bamba lililokaa nje ya maji hukauka, na uwezo linaoupoteza kwa kawaida haurudi. Ukaguzi wa kila mwezi unafaa. Msimu wa joto, mara nyingi zaidi.

Anayekagua avae miwani na glavu, wala asichungulie kwa kibatari: haidrojeni ikifikia asilimia 4 ya hewa huweza kulipuka.

Betri iliyokufa nayo ina safari yake. Huko Owino Uhuru, Mombasa, wakazi walidhurika kwa risasi kutoka kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya.